Bitana ya Mwezi wa Saba

Mwanangu alifungua mfuko saa tatu asubuhi, akaitoa ile kimono, lile vazi refu la Kijapani, akaingiza mkono ndani yake, na mkono hakuuona. Hakupiga kelele. Aliigeuza ndani nje, akaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka begani mpaka chini, halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, umeweka bitana."

"Nimeweka."

"Nilikwambia usiweke kitu ndani."

"Nilisahau," nikasema.

Sikusahau. Ninasema hivi hapa mwanzoni ili nisije nikahurumiwa bure. Mimi ni fundi wa miaka zaidi ya ishirini Kariakoo, na fundi anayesahau alichoambiwa hamalizi miezi miwili mtaani kwetu. Niliambiwa, nikasikia vizuri, nikafanya nilivyotaka.

Siku ileile saa nane mchana, bibi mmoja kutoka Japani angefika nyumbani kwa mwalimu wa mwanangu, kwenye ghorofa la zamani karibu na Posta, kumtazama mwanangu akiandaa chai. Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka. Chai! Lakini kwa wenzetu kuandaa chai ni elimu, watu wanaisomea mpaka wanaota mvi, na yule bibi alikuwa na uwezo wa kumpa msichana mmoja nafasi ya kwenda kusoma kwao mwaka mzima, kitanda na chakula juu yao. Alikuwa anapita Dar siku moja tu. Kesho yake alfajiri anapanda ndege. Mwanangu alikuwa amejiandaa miaka mitatu kwa ajili ya saa moja ile, na nguo ya kuivaa ndiyo hiyo iliyolala mezani na bitana yangu ndani.

"Inafumulika?" akauliza.

"Inafumulika."

"Bila kuchana?"

Nikaanza kutafuta wembe kwenye droo.

Yule mwalimu, mama wa Kijapani, alianza kama mteja wangu. Alikuja dukani miaka mitatu nyuma, mwezi wa kwanza, lile joto la Januari la kuua mbu, amevaa kimono nzito ya bitana yenye vimaua vyeupe na vyekundu kwenye pindo, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Pindo lilikuwa limefumuka. Nikamwambia, "Mama, utazimia humu, nguo gani hiyo ya kuvaa Bongo saa hizi?" Akanijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama fundi, nyumbani sasa ni baridi. Haya ni maua ya mti unaochanua kwenye theluji." Mumewe alikuja huku zamani kwa kazi ya barabara, akafia huku, na yeye hakuondoka. Nikamsifia maua yake kwa mdomo, moyoni nikasema huyu naye joto limempanda kichwani.

Mwanangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, anashinda dukani kunitolea uzi kwenye nguo. Nikamtuma amsindikize mama wa watu na mfuko wake. Alirudi baada ya saa tatu, miguu imekufa ganzi kwa kupiga magoti, macho yanang'aa. Jumamosi iliyofuata akaenda mwenyewe, bila kutumwa.

Basi toka hapo misimu ya Japani ikahamia kwangu, chumba na sebule. Kila Jumamosi anarudi na msimu. "Mama, leo majira ya kuchipua yameanza." Nje mvua ya masika inapiga, bonde la Jangwani halipitiki, na mimi nimevaa mfuko wa plastiki kichwani. "Mama, wenzetu wanaugawa mwaka vipande sabini na viwili. Kila siku tano kuna jina lake. Kuna siku za upepo kuyeyusha barafu, kuna siku za vyura kuanza kuimba."

"Sabini na viwili!" nikasema. "Sisi tuna joto, joto zaidi, na mvua. Na vyura wetu wanaimba wanapotaka."

Nilikuwa namchokoza. Misimu naijua. Nimelelewa na bibi mlimani Kilimanjaro, alikuwa anapanda maharage kwa vuli na masika bila kuangalia kalenda. Ila Kariakoo msimu ni mzigo unaoingia dukani. Januari ni sare za shule. Ukikaribia mfungo ni madera na kanzu. Halafu magauni ya kipaimara, halafu suti za harusi, halafu Desemba, ambapo kila Mchaga mwenye nauli anafunga duka na kupanda nyumbani kuhesabiwa. Nikamweleza mwanangu hivyo. Akaenda kumsimulia mwalimu, na mwalimu akasema kumbe mama fundi anaelewa kabisa. Iliniudhi. Nilikuwa natafuta ugomvi, naye ananikubalia.

Kitu kingine kilichonichosha ni picha. Mwalimu ana picha za kukunja, zimechorwa kwa wino kwenye karatasi ndefu, na ukutani anatundika moja tu. Mwezi wa tisa, sisi tunakula mbaazi, yeye anatundika picha ya mwezi mpevu na nyasi. Msimu ukipita anaikunja, anaiweka kwenye sanduku, haionekani tena mpaka mwaka ufuate. Na bakuli nalo hivyohivyo: la baridi ni refu lishike moto, la joto ni bapa, pana, chai ipoe haraka. Nikamwambia mwanangu, picha nzuri unaifichia nini miezi yote hiyo? Kwangu picha ya Yesu haijashuka ukutani tangu nimepanga. Akacheka, akasema, "Ndiyo maana huioni tena, mama." Nikamkata jicho, kisha nikaitazama ile picha, na kweli sikuwa nimegundua kwamba kona moja imeliwa na mende.

Naeleza haya ili mjue kwamba sikuwa mjinga wa jambo lile. Nilijua nguo ya msimu ni kitu gani kwao.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mwanangu aliniletea ile kimono ya mwalimu. Mwalimu ni mfupi, mwanangu ametokea kwa baba yake, mrefu mpaka mlangoni anainama. Kazi yangu ilikuwa kuteremsha pindo na kuachia mikono. "Kitambaa hakikatwi," akasema, "kinachozidi kinakaa ndani kumsubiri mtu mwingine. Na mama, tafadhali, usiweke kitu ndani."

Ilikuwa ya hariri, rangi ya bluu inayokaribia weusi, imechorwa nyasi nyembamba zilizoinama na vitone vya umande. Nzuri, sikatai. Lakini nilipoiinua mlangoni niliona kupitia kitambaa mkokoteni wa magunia unapita upande wa pili. Niliuona wote, na msukumaji wake, na jasho lake. Mteja mmoja aliyekuwa anajaribu gauni akaangua kicheko. "Mama fundi, hiyo ya kulalia au?"

Damu ilinichemka. Nikamuuliza mwanangu, wewe utasimama mbele za watu na kitu hiki? Tena mwezi wa saba, kipupwe, watu wanavaa masweta asubuhi?

"Kwao mwezi wa saba ndiyo joto kali, mama. Hii inavaliwa mwezi wa saba na wa nane tu. Na hizo ni nyasi za msimu unaofuata, wa upepo. Ukichora kilichopo umechelewa, unavaa kinachokuja. Anayekutazama anaona nyasi na umande, anapoa. Nguo siyo ya anayevaa, ni ya anayetazama."

"Na huyo anayetazama anaona nini kingine?"

"Mama, ngoja, ndani yake kuna..."

"Nina wateja," nikamkatisha. Akaondoka.

Siku mbili kabla, nilivuka kwenda duka la jirani. Ni mama wa Kihindi, ukoo wao umeuza vifungo, zipu na bitana hapohapo tangu enzi za babu yake, na mikono yake inajua kitambaa kuliko macho yangu. Nikamwonyesha mkono mmoja wa kimono ili anipe bitana ya rangi ileile. Akaisugua kati ya vidole, akanitazama juu ya miwani.

"Dada, hii imefumwa wazi kwa makusudi. Mwenyewe kaagiza bitana?"

"Kaagiza."

"Kweli?"

"We mama, unauza au huuzi?"

Akaniuzia. Nikaishona kwa cherehani, mshono mdogomdogo, imara, ule ninaoshonea suti za wazee wa kanisa. Miguu inakanyaga, na mimi najisemea kwamba namsitiri mwanangu, kwamba namkinga na baridi, kwamba mama yeyote mwenye akili zake angefanya hivyo. Na hiyo ilikuwa kweli, nusu. Nusu ya pili ni kwamba baba yake alishakufa, na mtoto nilimpata huyohuyo mmoja, na nilikuwa nimeshamtengea cherehani ya pili pembeni ya yangu. Nilijua bibi yule akiona nguo ya bitana mwezi wa saba atamwona mwanangu hajui hata kusoma kalenda. Nilitaka ishindikane. Tena nilitaka ishindikane bila mkono wangu kuonekana. Ndiyo roho niliyokuwa nayo.

Sasa, asubuhi ile, tulikuwa na muda wa saa tatu tu. Saa sita lazima awe kwa mwalimu, kuwasha mkaa, kuchemsha maji, kuvaa. Nikafunga nusu ya mlango, nikachukua wembe, naye akachukua sindano. Ukifumua bitana kwenye kitambaa cha kawaida unavuta uzi mmoja mshono mzima unafuata. Ile hariri ya matundu, ukivuta, nyuzi zake zinajikunja, zinaacha kovu. Ilibidi kukata kila hatua ya uzi, moja, kisha kuichomoa kwa ncha ya sindano, kisha nyingine. Mgongo peke yake ulikuwa na hatua zaidi ya mia sita. Nilishona kwa ufundi sana, mjinga mimi.

Nilisikia anavyopumua. Wateja walichungulia, nikawafukuza kwa mkono. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi yake alianza, "Lakini uliniambia leo asubuhi," nikamtolea uvivu hata nami nikashtuka. Saa nne na nusu tulikuwa hatujamaliza upande mmoja wa mgongo. Wembe ukateleza, ukakata uzi mmoja wa hariri. Uzi mmoja tu. Mwanangu akaweka kiganja juu ya pale, akafumba macho, akafumbua, akaendelea.

"Sindano hii nene," akasema. "Naenda kwa jirani kuchukua nyembamba."

Nikainuka upesi. "Usiende. Nitaenda mimi."

"Mama, wewe mkono wako ndiyo mwepesi. Endelea."

Akavuka. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona amesimama kwenye kaunta, nikamwona jirani akichagua sindano kwenye kasha, mdomo wake unatembea. Anaongea. Anaongea sana. Wembe nimeushika hewani. Mwanangu aliinamisha kichwa, akasema kitu kifupi, akapokea sindano, akarudi, akakaa kwenye ndoo yake.

"Amesemaje?"

"Amenipa sindano."

Nikamtazama usoni, sikuona kitu. Yule mwalimu na chai yake walikuwa wamemfundisha kuficha uso kama mtu anavyofunga kabati, na siku ile nilitamani wasingemfundisha. Tukaendelea kufumua, mimi nikiwa na swali moja mdomoni, nikilimeza kila lilipopanda.

Saa tano na nusu mgongo na mabega vilikuwa wazi, umebaki mkono wa kushoto. Nikamwinua, nikamvisha juu ya nguo zake nione inavyoanguka, nikaifunga kifuani, upande wa kulia juu ya wa kushoto, kama blauzi yoyote ya mwanamke ninayoshona. Alinipiga mkono. Mwanangu, kunipiga mimi! Nikatoa macho.

"Samahani, mama," akasema. "Kwao hivyo wanafungwa maiti."

Nilimvua haraka. Nikaikunja, nikasema naenda naye. Hakuwa amenilazimisha kwenda. Alinialika wiki nzima, nikamwambia nina kazi. Sasa nikavaa viatu, nikamwomba jirani aniangalizie duka bila kumtazama machoni, tukachukua bajaji mpaka Posta. Njiani hakuna wembe wala sindano, barabara ilikuwa mashimo matupu. Alikuwa amekumbatia mfuko. Nilitamani aniseme, anitukane, chochote.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema mlangoni. Mkubwa wangu kwa miaka ishirini.

"Marahaba, mama fundi. Karibu. Asante kwa kazi."

Hiyo asante! Mwanangu akamweleza kwa lugha yao. Mwalimu akaichukua kimono mpaka dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Mstari wa matundu ya sindano yangu ulionekana kutoka begani mpaka pindoni, sawasawa, bila kupinda. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Leo sina nyingine ya mwezi wa saba," akasema. "Nyingine zote ni za baridi au za majani mapya." Nilishaelewa. Kuvaa hizo mbele ya mgeni yule ni sawa na kwenda msibani na gauni la kitchen party. Akaniletea kiti kidogo karibu na dirisha, nikamalizia mkono wa kushoto. Yeye akalowesha kitambaa cheupe, akapasha pasi, akawa anaipitishia mvuke, polepole, akisugua kwa ukucha ili nyuzi zirudiane. Matundu mengi yalijifunga. Ya mgongoni yaligoma.

Kisha mwalimu akamvisha. Na hapa ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Kwanza alivaa nguo nyingine ndani, nyeupe kabisa, nzito, inamfunika kutoka shingoni mpaka vifundoni. Ndiyo aliyotaka kuniambia siku ile nilipomkatisha. Juu yake ndiyo ikaja ile ya wazi, kushoto juu ya kulia, na ule weupe ukapita katikati ya bluu, nyasi zikawa zinaonekana zinapigwa na upepo kila akisogea. Hakuna kiungo cha mwanangu kilichoonekana. Alikuwa amesitirika kuliko mimi.

Mgeni alifika saa nane kamili. Bibi mdogo, mkavu, mvi zimevutwa nyuma, naye amevaa ya wazi ya rangi ya majivu. Chumba kilikuwa kitupu, mikeka chini, picha moja ukutani ya maporomoko ya maji, ua moja ndani ya kikapu. Nje makondakta wanaita abiria, humo ndani hakuna anayekohoa. Niliwekwa pembeni ya mwalimu kwenye kigoda, magoti yangu hayawezi mambo yale.

Mwanangu aliingia na bakuli, akapiga magoti, akatoka, na kutoka huko ndiko kulikoniua, maana anatoka ametupa mgongo. Mgeni alimfuata kwa macho. Nikaona macho yake yanaanzia begani, yanashuka, yanashuka, yanafika chini. Mara ya pili hivyohivyo. Mtungi wa maji ulikuwa hauna kifuniko, mwanangu alikuwa ameweka jani bichi la mkungu lenye matone juu yake, akalikunja taratibu na kuliweka kando, na mgeni akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Lakini kila mwanangu alipogeuka, macho yalirudi kwenye mstari wangu.

Mwanangu akakoroga chai, akaligeuza bakuli, akamsogezea. Mgeni akanywa. Akaligeuza bakuli, akalikagua chini, akaliweka. Akaongea na mwalimu sentensi mbili tatu. Mwalimu akaniinamia sikioni.

"Anasema nafasi ni yake. Mwezi wa tisa."

Nilijikaza kisabuni. Sikulia wala sikucheka. Mwanangu alikuwa anasuuza bakuli, haruhusiwi kusimama katikati ya kazi, akalisuuza mara ya pili.

Kisha mgeni akamuuliza mwanangu kitu, mkono wake ukionyesha mgongo. Mwalimu akanong'ona, "Anauliza matundu ni ya nini." Mwanangu akajibu kwa sauti ya chini, bila kuacha kusuuza. Mwalimu akasita kidogo, akanitafsiria. "Amesema mama yake ni fundi mzuri sana. Aliambiwa asiweke bitana, akasahau. Leo asubuhi ameitoa yote kwa mkono wake."

Ilikuwa imeisha. Nafasi imetolewa, uongo wangu umepewa heshima na mwanangu mwenyewe mbele ya wakubwa, nilichotakiwa ni kunyamaza. Na nilinyamaza, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi. Halafu nikasikia mdomo wangu.

"Sikusahau."

Mwalimu akageuka. "Mama fundi..."

"Mwambie. Sikusahau. Niliambiwa, nikaweka kusudi. Nilitaka aonekane hajui."

Mwalimu hakutaka kutafsiri. Aliangalia mkeka. Nikarudia, kwa nguvu zaidi, na chumbani mle sauti yangu ilikuwa ya Kariakoo kabisa. Mwisho akatafsiri, polepole, maneno machache. Mgeni akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nikajua nimemwaga kila kitu. Miaka mitatu ya mtoto, kwa mdomo wangu, baada ya kushinda. 

Akauliza.

"Anauliza," mwalimu akasema, "hukutaka aende?"

"Ndiyo. Sikutaka."

"Na sasa?"

Nilitaka kusema sasa nataka. Ndilo jibu zuri, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimeshachoka kudanganya tangu asubuhi.

"Bado sitaki," nikasema. "Sitaki hata kidogo. Ila mpeni. Ni ya kwake, ameifanyia kazi. Mimi nitajua la kufanya na roho yangu."

Mwalimu akatafsiri. Mgeni alikaa, mikono mapajani. Kisha akainama, si kwangu peke yangu, akaweka vidole kwenye mkeka, akasema neno moja kwa mwanangu. Mwanangu akainua kata ya mwanzi, akachota maji ya moto, na kwa mara ya kwanza mchana ule tone moja likaanguka mkekani. Alikuwa ameombwa chai ya pili. Alipoikoroga, aliambiwa aniletee mimi. Ilikuwa chungu, ya kijani, ina povu, na niliinywa yote.

Tuliondoka saa kumi. Mwalimu alibaki na kimono, amesema mwaka ujao matundu yatakuwa yamepungua. Mwanangu alikuwa amerudi kwenye jinzi zake, anashuka ngazi mbele yangu, kimya, mpaka tukafika ghorofa ya pili. Akasimama.

"Nilijua toka asubuhi," akasema. "Jirani aliniuliza kama mwalimu ameipenda bitana aliyoiagiza."

Nikashika ukingo wa ngazi. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akanishika mkono, maana miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa kile kigoda, tukashuka ngazi mbili tatu. Akaniambia bila kunitazama, bila hasira yoyote:

"Mama, ungenyamaza pale ndani, ningeenda, na nisingerudi."